Siku ya Tatu, Mpe Ufunguo

Mkono wangu wa kulia ulirudi kutoka hospitali
kama mgeni aliyesukumwa ndani na mvua.
Haukujua kikombe kinakaa wapi,
haukujua vifungo vya shati,
ulilala pajani mwangu, mzito, umeshiba usingizi.

Miaka arobaini nimechonga funguo Valparaíso,
katika kibanda kisichoenea watu wawili.
Mji mzima ulipita kwenye vidole hivi:
mlango wa sakristia, kabati la mjane,
sanduku la nahodha aliyesahau alichofungia.
Kiharusi kikaja asubuhi, nikinyoa ndevu.
Nusu ya uso ilibaki na povu.

Mgeni siku mbili.
Siku ya tatu akaja Rayén, mtaalamu wa mazoezi ya viungo,
viatu vimelowa, pumzi juu juu:
kigari cha kupandia kilimani kimeharibika tena,
amezunguka nyuma ya kiwanda cha barafu,
kwa ngazi zilizoota nyasi.
Akauchukua mkono wangu wa kushoto, ule mzima,
akautia kwenye soksi nene ya sufu, akafunga kifundoni.
"Huu umezidi wema," akasema. "Uache ukae."
Kisha akamwaga mezani funguo zangu mbovu.
Toa hapa, tia koponi.

Wa kwanza ukaanguka.
Wa pili ukaanguka.
Wa tatu niliutazama tu, jasho likinitiririka
kama mtu anayebeba kinanda.

Mkono wa kulia:
miaka yote nilidhani ni kwa sababu ya chakula.
Siku ile nikajua kulia kwingine.

Rayén hakunipa leso. Aliandika: thelathini na mbili.
"Kesho mia."
"Na zilizoanguka?"
"Nimezihesabu hizo hizo.
Ulipochonga ufunguo, uliingia mara ya kwanza?"
Haukuingia. Unatia, unakwama,
unachomoa, unatazama ulipokwaruzwa,
unapitisha tupa, kidogo tu, unatia tena.
"Basi," akasema, "ndani ya kichwa chako kuna fundi.
Usimnyime makosa, atakosa cha kupigia tupa."

Hakunipaka asali. Palipokufa pamekufa, alisema;
tunawafundisha majirani kazi ya marehemu,
nao ni wagumu wa kuelewa, watataka kuambiwa mara elfu.

Mara elfu, basi.
Na kila nilipoanza kuzoea aliniharibia:
akaleta maharage, akaleta vibanio vya nguo,
akainua kopo, akalisogeza, akaniambia nisimame,
siku moja akazima taa.
Nilimtukana kwa nusu ya mdomo.
Akacheka, akasema matamshi yamepata nafuu.

Edelmira, mke wangu, alipewa somo gumu kuliko langu:
kukaa, mikono yake mwenyewe mapajani,
huku shati langu likinishinda.
Niliona vidole vyake vikifunga vifungo hewani.
Usiku, anasema, vyangu nami huchezacheza juu ya shuka
kama mbwa anayemkimbiza sungura ndotoni.
"Mwache," Rayén alimwambia, "anadurusu."

Sasa ni Agosti. Kidole gumba bado kina kiburi.
Kibanda nimekikodisha kwa kijana anayekata kwa mashine,
hupiga mluzi, hasikilizi kufuli.
Sikudanganyi kwamba nimerudi nilikokuwa.
Lakini jana, tumetoka sokoni, Edelmira kabeba vitunguu,
nilisimama mbele ya mlango wetu,
nikautoa mfukoni ufunguo nilioukata mwenyewe
mwaka tuliooana.
Dakika nne. Jirani alipita, akasalimu, akarudi, akasalimu tena.
Ukagusa tundu. Ukateleza. Ukagusa.
Ukaingia kichwa chini, miguu juu.

Edelmira alivuta pumzi, akaishikilia.
Nikauchomoa.
"Andika hiyo," nikamwambia,
nikaanza kuugeuza.